Filamu za mapenzi na familia za Kampala: ruka katikati, tafuta kwanjula

Nyota mbili kati ya tano, na hizo mbili si za waandishi. Nazungumzia filamu za mapenzi na za migogoro ya familia zinazotengenezwa hapa Uganda, zile za dakika tisini ambazo hadithi yake ingetosha arobaini. Nimezitazama kwenye televisheni, kwenye simu na kwenye vibanda vya video. Waigizaji wake nawapenda, ndiyo maana naudhika.

Ugonjwa wa kwanza ni siri isiyo na sababu. Msichana anamwona mchumba wake na mwanamke mwingine, kumbe ni dada wa huyo mchumba. Simu moja ingemaliza yote, lakini hapigi, nasi tunasubiri saa nzima. Siri inakubalika mhusika akiwa na cha kuogopa: kufukuzwa, deni, ada ya mtoto. Bila hicho, katikati hujazwa gari likiingia getini, mtu akipanda ngazi, na wimbo mzima juu ya wapenzi wanaotembea ufukweni Entebbe. Hapo sogeza mbele, hupotezi kitu.

Zinazoniuma zaidi ni za urithi, kwa kuwa hapo kisa kipo tayari. Baba anafariki, mashemeji wanatoa vyombo vya mjane nje, kisha wakili anafungua bahasha na mambo yanaisha. Lakini Sheria ya Urithi ilirekebishwa mwaka 2022: asiyeacha wosia, mwenzi wake hupata asilimia 20 ya mali, wazao wake 75, jamaa waliomtegemea 4, na mrithi wa kimila 1. Mwandishi anayeijua angepata ugomvi wa kutosha filamu nzima. Wake wawili watagawana vipi ile 20? Nani alimtegemea marehemu kweli, na nani amekuja na matanga? Badala yake tunapewa bahasha.

Mahari nayo hivyo hivyo. Ndoa inavunjika, mume anadai ng'ombe wake warudi, wazee wanatikisa vichwa kukubali. Desturi hiyo vijijini bado ina nguvu, kwa hiyo tukio linaaminika. Lakini Mahakama ya Juu ilisema mwaka 2015 kwamba kudai mahari irudishwe ni kinyume cha Katiba, na hata binti aliyesoma chuo kikuu halitaji hilo! Nyumba ya familia nayo huuzwa usiku mmoja, kana kwamba Sheria ya Ardhi haidai ridhaa ya mke anayeishi humo.

Picha siku hizi ni safi, sauti ndiyo mbovu. Maikrofoni iliyokaa mita tatu kutoka kwa mwigizaji hunasa jenereta, boda na mvua ya mabati kabla ya kunasa maneno. Kila pembe ya kamera huja na mngurumo wake, hivyo picha ikikatwa sauti nayo inaruka. Dawa yake ni rahisi: kurekodi ukimya wa chumba kwa nusu dakika na kuutandaza chini ya mazungumzo. Wengi hufunika kwa kinanda, na katika filamu ya mapenzi, ambako sauti ya chini ndiyo kazi yenyewe, kinanda kinaua kila kitu. Vaa spika za masikioni dakika kumi za mwanzo. Mngurumo ukibadilika kila uso unapobadilika, usitarajie nafuu mbele.

Ukitazama kibandani, VJ, yaani msimulizi wa filamu, atakuwa amepunguza sauti ya filamu na kusimulia kwa Kiluganda juu yake. Kwenye filamu za ngumi anasaidia sana. Kwenye mapenzi anajaza ule ukimya ambao mwigizaji aliufanyia kazi.

Sasa yanayoziokoa. Mama wa makamo, baada ya nusu saa ya Kiingereza kilichokaririwa, anakasirika na kurukia Kiluganda au Kinyankole, na ghafla kuna mtu mbele yako.

Kisha kwanjula, sherehe ya Kiganda ambapo bwana harusi hutambulishwa kwa familia ya bibi harusi. Wasemaji wa pande mbili wanachuana, wageni wanatozwa faini kwa kosa dogo, ssenga, shangazi wa bibi harusi, anapita katikati ya wanaume waliovaa kanzu na koti akimtafuta bwana harusi, na muko, kaka wa bibi harusi, anamsubiri jogoo wake. Hakuna haja ya kubuni siri: swali ni kama watapokelewa, na kila mtu uwanjani ana la kupoteza. Waigizaji wanayajua haya tangu utotoni, hivyo wanajibizana bila kukariri. Kinachoharibu ni mwongozaji anayekata mabishano ili kuonyesha magari kutoka angani. Ukikuta kwanjula iliyoachwa dakika kumi na tano bila kukatwa, ongeza nyota moja.

Kwa asiyejua Kiluganda: maandishi ya chini huwa ya Kiingereza, na mafumbo ya wasemaji hufupishwa kuwa mstari mmoja mkavu. Sehemu hiyo itazame na Muganda, umwombe asimamishe filamu kila watu wanapocheka.