Miezi minne na berghia: aiptasia walivyoisha kwenye tangi langu la matumbawe

Nianze na nilicholipia. Berghia 12, yaani konokono wadogo wa baharini wanaokula aiptasia, pauni 118 pamoja na usafirishaji, kutoka kwa mfugaji anayewazalisha nyumbani kwake hapa hapa Uingereza. Tangi langu ni la lita 200, liko sebuleni, Leicester, na limeingia mwaka wa tatu. Fedha ile haikunipotea hata senti. Kinachoniuma ni kwamba nilichelewa miezi saba, na katika miezi hiyo nilimzidisha adui kwa mikono yangu nikidhani namuua.

Kwa asiyewajua: aiptasia ni anemoni mdogo wa baharini, rangi ya kahawia hafifu, mwili unaopitisha mwanga, na juu ana minyiri mirefu iliyochanua kama makuti ya mnazi. Huingia tangini akiwa amejibana kwenye tundu la jiwe au chini ya tumbawe ulilonunua. Wangu alikuja na kipande cha zoa, vile vijitumbawe vinavyochanua kama vifungo vya rangi. Nilimwona siku ya tatu, mmoja tu, mdogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Mwanangu alimfurahia, nami nikamwacha. Miezi miwili baadaye nilihesabu 43 upande wa mbele peke yake. Nyuma ya mawe sikuweza kuhesabu.

Aiptasia hali matumbawe. Anayachoma. Minyiri yake ina seli za sumu, na akiguswa hutoa nyuzi nyeupe nyembamba zenye sumu kali zaidi. Tumbawe lililo jirani yake hujikunja, halichanui, halipati mwanga wala chakula, na kidogo kidogo nyama yake inarudi nyuma na kuacha mfupa mtupu. Yufilia yangu, tumbawe lenye ncha za zambarau, niliyoilea tangu ikiwa na vichwa viwili, ilipoteza vichwa vitatu kati ya saba. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini nilikuwa nawasha taa na kuangalia kama imechanua. Anayefuga matumbawe anajua uchungu wa kuangalia kitu unachokipenda kikisinyaa, na maji ukiyapima hayana kosa lolote.

Siri yake iko mguuni. Anapojisogeza juu ya jiwe huacha nyuma vipande vidogo vya nyama ya mguu wake, na kila kipande huota minyiri na kuwa mnyama kamili. Ni kama muhogo: ukatekate, uuache ardhini, utakuja kukuta shamba. Kwa hiyo kumkwangua kwa kisu ni kumpanda. Watafiti wanamthamini kwa ugumu wake huo. Ndani ya mwili wake anaishi na mwani wa aina moja na ule unaolisha matumbawe, na anakua maabara bila shida, basi wanamtumia kuchunguza jinsi tumbawe na mwani wake wanavyoishi pamoja na kwa nini hutengana bahari inapopata joto. Mwaka 2015 watafiti wa chuo kikuu cha KAUST, kule Saudi Arabia kwenye mwambao wa Bahari ya Shamu, pamoja na wenzao, walichapisha jenomu yake, yaani maandishi yote ya urithi wake. Mnyama aliyenitesa mimi ni mwalimu mzuri wa watu wanaotaka kuokoa miamba ya kwetu. Nilipojua hivyo sikumchukia tena, ila bado nilimtaka atoke.

Niliyojaribu au kushauriwa kabla ya berghia ni haya.

Maji ya limau nilitumia kwa bomba la sindano lisilo na sindano ya chuma, kisha lenye sindano. Ukimpata katikati ya mdomo akiwa amechanua, anakufa. Tatizo ni kwamba anahisi msukosuko wa maji na kujivuta tunduni kabla hujafika, na ukimpata nusu, wiki inayofuata unakuta watatu wadogo walipokuwa mmoja. Halafu ukiwadunga wengi siku moja, asidi inashusha alikalini ya tangi zima, yaani uwezo wa maji kuhimili asidi.

Chokaa ilinisaidia zaidi. Nasema chokaa ile ile tunayoijua, iliyozimwa kwa maji, ila ya daraja safi inayouzwa kwa ajili ya matangi, ukaikoroga na maji kidogo hadi iwe nzito kama uji wa mtoto. Unazima pampu zote, unamfunika nayo taratibu, unasubiri robo saa ndipo unawasha tena. Inapandisha pH, yaani kipimo cha asidi ya maji, hivyo watano au sita kwa siku wanatosha. Bibi yangu ni mtu wa Lamu, na alikuwa akinisimulia jinsi mawe ya matumbawe yalivyopangwa juu ya magogo na kuchomwa mpaka yawe chokaa ya kupigia lipu nyumba. Nilipokuwa nimeinama juu ya tangi usiku na bomba la chokaa mkononi nilimkumbuka sana. Kwetu matumbawe yalichomwa yawe chokaa, na mimi ugenini natumia chokaa kuyaokoa matumbawe. Dawa za chupa zinazouzwa madukani nazo ni uji wa namna hiyo hiyo wa kumfunika au kumlisha, ni nzito zaidi na zinashika vizuri. Kwa mtu mwenye aiptasia watatu au wanne wanaofikika, hizo zinamtosha, asinunue kingine. Kwa mtu mwenye mamia kwenye mianya ya mawe, hazifiki.

Kisha kamba wa baharini. Nilitaka Lysmata wurdemanni, kamba mdogo mwenye mwili wa kupitisha mwanga na mistari myembamba myekundu kwa urefu, ambaye mara nyingi hula aiptasia wadogo. Duka nililokwenda likaniuzia Rhynchocinetes durbanensis, kamba mwenye nundu mgongoni, mwenye mistari myekundu na myeupe iliyokolea, na pembe ya usoni inayocheza kama bawaba. Huyo anakula matumbawe. Asubuhi ya pili nilikuta zoa kumi na tano zimenyofolewa katikati. Kwa hiyo, ndugu zangu, kabla ya kulipa mwangalieni mgongo na mistari, msitegemee jina lililoandikwa kwenye kioo.

Jingine ninalotaka kulisema polepole ni maji ya moto. Mume wangu alishauri, kwa nia njema, tulitoe jiwe lenye aiptasia wengi tulichemshe jikoni. Nilikataa, na nawasihi mkatae. Kwenye mawe yetu kuna zoa na ndugu zao palithoa, na baadhi yao wana palitoksini, moja ya sumu kali zaidi zinazojulikana katika viumbe hai. Ukichemsha jiwe au kulisugua kwa nguvu, sumu inaweza kupanda na mvuke, na familia nzima ikaivuta. Mwaka 2018 hapa Uingereza, kijiji cha Steventon, Oxfordshire, watu wa nyumba moja na wazima moto waliofika kuwasaidia walipelekwa hospitali baada ya matumbawe kutolewa tangini na kusafishwa. Jiwe likikushinda, usilipeleke jikoni kwako. Hata kulishika, vaa glavu na miwani.

Sasa berghia. Jina lake kamili ni Berghia stephanieae, konokono wa baharini asiye na gamba, asili yake Florida, aliyepewa jina la kisayansi mwaka 2005. Akikua sana anafika sentimita mbili hadi tatu, na mgongo wake umejaa vishungi laini kama nyasi za mkeka uliochakaa. Chakula chake ni aiptasia. Hali tumbawe, hali mwani, hali mabaki ya chakula cha samaki. Ajabu yake ni kwamba anapomla aiptasia hahitaji kuziogopa zile seli za sumu: anazimeza nzima na kuzihifadhi kwenye ncha za vishungi vyake, zikawa silaha yake yeye. Hata rangi anaipata hapo. Waliponifikia walikuwa karibu weupe, na baada ya kushiba wakageuka kahawia kwa mwani waliokula pamoja na nyama.

Walifika kwa posta ya siku moja, kila wanne kwenye kichupa chao, ndani ya boksi lenye pakiti ya joto. Wote 12 walikuwa hai. Wadogo, hawakuzidi sentimita moja, na mwanzoni nilishtuka kwa kuwa fedha ilikuwa nyingi na macho yaliona kidogo. Mfugaji alikuwa ameandika karatasi kwa mkono: wazoesheni kwa matone saa moja, zimeni taa, zimeni pampu, muwaweke wote mahali pamoja, karibu na aiptasia wadogo. Wote mahali pamoja, ndilo neno alilolipigia mstari. Mimi nilifikiri kuwatawanya ni busara ili wafanye kazi kila upande, nikampigia simu kumuuliza. Akaniambia, dada, wakitawanyika hawaonani, wasipoonana hawapandani, na wasipozaana wanakufa wakakuacha na shida yako. Anaishi miezi michache tu. Wanaokusafishia tangi ni watoto na wajukuu wake.

Alinitaka pia nimtoe samaki wangu mmoja, rasi mdogo mwenye mistari sita, Pseudocheilinus hexataenia, ambaye hata miamba ya kwetu yumo. Anakagua kila tundu mchana kutwa na berghia kwake ni kitoweo. Kumnasa kulinichukua siku nne na mtego wa chupa. Nilimhamishia tangi la chini, lile linalokaa pampu, akakaa huko mpaka mwisho. Mdomo wa kila pampu niliufunika kwa sponji laini, na sponji hiyo inataka kuoshwa kila baada ya siku mbili la sivyo maji yanazubaa. Hizi ni kazi za kweli na mnunuzi azijue kabla hajaagiza.

Wiki ya kwanza sikuona hata mmoja. Wiki ya pili vilevile. Wanafanya kazi usiku, na mchana wanajificha chini ya mawe, hivyo nilikuwa naamka saa tisa usiku na tochi niliyoifunga karatasi nyekundu. Wiki ya tatu, kwenye kioo cha nyuma, nikaona uzi mweupe uliojizungusha kama mkate wa ajemi uliobanwa, mdogo kuliko punje ya mchele. Mayai. Nilimwamsha mume wangu, akaja, akaangalia, akanishika bega. Mayai hayo huanguliwa baada ya takriban wiki mbili, na watoto ni vigumu kuwaona kwa macho.

Kuanzia wiki ya sita aiptasia wadogo walianza kukosekana. Wakubwa walibaki, wengine wakiwa wamesinyaa minyiri. Usiku mmoja niliona berghia watatu wamemzunguka mmoja mkubwa wakimla kuanzia shina, naye hawezi kujivuta kwa sababu tundu lenyewe limejaa. Wiki ya kumi yufilia ilichanua kichwa kimoja ambacho nilishakikatia tamaa. Wiki ya kumi na sita nilikagua usiku tatu mfululizo kwa tochi, mbele, nyuma, ndani ya bomba, ndani ya tangi la chini, sikupata aiptasia hata mmoja.

Sasa upande wa pili. Ni ghali, na mtu akiagiza wanne tu kwenye tangi kama langu nadhani atawapoteza bila matokeo. Bora asubiri akusanye fedha za kumi na kuendelea. Ni polepole: aiptasia wanaokaribia kuua tumbawe unalolipenda huwezi kuwasubirisha miezi, hao wafunike kwa chokaa wiki moja kabla berghia hawajafika, kisha usiguse bomba la sindano tena, maana aiptasia aliyejaa dawa ndiye atakayeliwa. Kosa hilo la kuendelea kudunga nililifanya siku mbili za mwanzo, mfugaji akanikanya, nikaacha.

Na kuna jambo ambalo hakuna tangazo nililoona likilitaja. Siku aiptasia wanapokwisha, berghia wanaanza kufa njaa. Nilipogundua hivyo sikuweza kukaa. Usiku tatu nilikusanya niliowaona kwa bomba la kunyonyea, mmoja mmoja, nikapata tisa. Niliwaweka kwenye kopo la maji ya tangi na kuwapeleka kwa treni hadi Nottingham, kwa mama mmoja wa Tanga tuliyefahamiana kupitia matumbawe, ambaye mawe yake yalikuwa yamefunikwa kama yangu yalivyokuwa. Nilimwambia lile lile: wote mahali pamoja, dada, karibu na wadogo. Wiki ya tatu alinitumia picha ya kioo chake cha pembeni. Ulikuwepo uzi mweupe uliojizungusha.