PowerPoint kazini hapa Lamu: kazi iko kwa slaidi mama

Ninatumia toleo la Windows, na kazi zangu ni mawasilisho ya utalii na uhifadhi wa Mji Mkongwe: picha nyingi, maneno machache. Kwa hayo PowerPoint yanitosha. Ila mtu akisema slaidi 20 zimemla siku nzima, najua alikoanzia: slaidi tupu, na visanduku vya Text Box alivyochora mwenyewe.

Kisanduku cha aina hiyo hakina mama. Mama yuko View, kisha Slide Master: ile slaidi kubwa ya juu kabisa upande wa kushoto. Weka pale fonti, ukubwa wa herufi, nembo na nambari ya slaidi, na mipangilio (layouts) iliyo chini yake itarithi. Halafu andika ndani ya fremu zinazokuja na slaidi. Siku bosi akitaka vichwa vishuke na herufi zikue, unagusa mahali pamoja tu. Visanduku vya kuchora hubaki palepale, na maneno yake hata kwenye Outline View hayatokei. Slaidi iliyokwisha kuvurugwa ipe Home, Reset. Kiolezo kikiiva, kihifadhi kama .potx.

Maneno yenyewe huyaandika kwanza kwenye Word. Kila kichwa cha slaidi nakipa Heading 1, hoja zake Heading 2, naifunga faili, kisha New Slide, Slides from Outline. Aya iliyoachwa kwenye Normal haiji, na wengi hudhani programu imeharibika.

Picha ndizo zinazolemaza faili. Simu ya megapikseli 12 hutoa picha ya pikseli 4000 kwa 3000, na projekta ya Full HD huonyesha 1920 kwa 1080 tu. Picha 30 za milango ya nakshi, MB 4 kila moja, ni MB 120. Gmail inakubali kiambatisho cha MB 25. Bonyeza picha yoyote, nenda Picture Format, Compress Pictures, ondoa tiki ya "Apply only to this picture", weka ya "Delete cropped areas", chagua 150 ppi (pikseli kwa kila inchi). Kwa nini 150? Slaidi ya 16:9 ina upana wa inchi 13.33, kwa hiyo picha inayoijaza hubaki na pikseli kama 2000, zinazoitosha projekta hiyo. Fanya kwenye nakala, maana ukishahifadhi na kufunga hakuna kurudi. Na kumbuka kukata picha kwa Crop ni kuficha tu: uliyemtoa pembeni bado yumo ndani ya faili mpaka ile tiki ifanye kazi yake.

Vyumba vyetu vina kuta za chokaa na mwanga wa mchana, na hapo ndipo slaidi nyeusi za kupendeza hufa. Projekta haitoi weusi. Weusi wake ni ukuta usiomulikwa. Jua likiingia dirishani, ukuta unabaki mweupe na herufi zimepotea. Mandhari nyeupe, herufi nzito nyeusi, pointi 24 kwenda juu. Kijivu chembamba usikiguse.

Kibodi: Shift+F5 huanza onyesho kwenye slaidi uliyopo, nambari ya slaidi kisha Enter hukupeleka huko moja kwa moja; swali likija, B huzima picha ili watu wakutazame wewe. Wakati wa kutengeneza, Ctrl+Shift+C na Ctrl+Shift+V kwenye toleo langu hunakili mtindo bila maneno. Hizo mbili peke yake zimeniokolea kipanya.

Lawama yangu ni AutoSave, ile ya kuhifadhi yenyewe: hufanya kazi faili ikiwa OneDrive au SharePoint, hifadhi za Microsoft za mtandaoni, na intaneti ikikatika hiyo si ya kutegemea. Nenda File, Options, Save, ushushe muda wa AutoRecover, yaani nakala ya dharura, kutoka kila dakika 10 hadi 3. Hapo hapo weka tiki ya "Embed fonts in the file", la sivyo kompyuta ya ukumbini ikikosa fonti yako itaweka nyingine na mistari itaruka.

Ukivuka kwenda Mokowe, bara, kwa mkutano, flashi iwe na .pptx na PDF. PDF haina video wala miondoko, lakini hufunguka hata kwenye simu.