Kibaka anayerudia rudia: jela au huduma kwa jamii?

Kibaka wa simu akidakwa mara ya tatu mtaa mzima unasema afungwe tu, na kweli miezi sita akiwa ndani mnapumua, lakini kule anachanganyika na wazoefu, akitoka hana kazi wala wa kumwamini basi anarudi kijiweni na mbinu mpya. Huduma kwa jamii, Tanzania sheria ipo tangu 2002, ni kwa vifungo visivyozidi miaka 3, anafanya usafi hospitali au shule bila malipo huku analala kwao. Shida ni usimamizi, akiachiwa anasepa. Mimi mwizi wa kuku nampeleka akafagie, tena bora hivyo kuliko kumchoma moto jamani! Ila anayepora kwa kisu, huyo ndani.