Krita kwa kuchora bembea za kale: uzoefu wangu

Natumia Krita, programu ya kuchora kwenye kompyuta, kuchora mashine, na kazi kubwa ni bembea za kale: gurudumu la Ferris la Chicago, lile kubwa lililozungusha watu hewani, reli za rola kosta za Coney Island, eneo la burudani la New York, na farasi wa mbao wanaozunguka. Tathmini hii ni ya upande huo tu. Wa kukueleza kama inafaa katuni au sura za watu, wapo wengi.

Bei kwanza. Ukiipakua kwenye tovuti yao ni bure. Ya Steam na ya Microsoft Store, maduka ya programu ya mtandaoni, inalipiwa, lakini programu ni ileile na hela inawasaidia watengenezaji. Inakubali Windows, Linux, macOS na tableti za Android. Kwenye simu usijisumbue, vitufe vinameza skrini.

Kilichonifanya nibaki nayo ni vipimo. Nafungua kanvasi ya A3 yenye pikseli 300 kwa inchi, yaani 3508 × 4961, kisha nachora kwa skeli ya 1:300. Hapo inchi moja ya chuma inakuwa pikseli moja. Gurudumu la Ferris, lililofunguliwa Juni 1893, lilikuwa na kipenyo cha futi 250, kama mita 76: pikseli 3000 kamili, na pembeni inabaki nafasi. Ekseli yake, chuma cha katikati kinachobeba gurudumu, ilikuwa na unene wa inchi 33 na urefu wa futi 45.5, basi ni pikseli 33 kwa 546. Michoro ya Wamarekani wa enzi ile ni futi na inchi tupu, kwa hiyo sipigi hesabu ya kubadili chochote. Kumbuka leya moja (tabaka la mchoro) iliyojaa ya ukubwa huu, kwa rangi za biti 8, inakula karibu MB 70, na biti 16 inakula mara mbili. Mwenye RAM ya GB 8 abaki kwenye biti 8.

Sasa duara lenyewe. Krita ina wasaidizi wa kuchora, yaani mistari ya mwongozo ambayo brashi inaifuata ukiruhusu inate. Wa duaradufu unawekwa kwa nukta tatu: mbili za mhimili, ya tatu ya upana. Wengi huweka duaradufu moja, wanatia ekseli katikati yake, wanavuta spoki, halafu wanashangaa gurudumu linaonekana limepinda. Sababu ni kwamba duara likitazamwa kwa mshazari, kitovu chake hakiangukii katikati ya duaradufu; kinasogea kidogo kuelekea upande ulio mbali. Dawa: weka msaidizi wa pespektivu, yaani wa kuonyesha umbali, wenye pembe nne kuzunguka duara, kata mistari miwili ya pembe kwa pembe, na pale inapokatana ndipo ekseli ilipo. Halafu mhimili mfupi wa duaradufu lazima ulale kwenye mwelekeo wa ekseli. Ukiukosea huo, hakuna kivuli kitakachokuokoa. Na usisahau kwamba lile lilikuwa magurudumu mawili yaliyounganishwa, vibanda vikining'inia katikati yake, kwa hiyo unahitaji duaradufu mbili juu ya ekseli moja.

Spoki zichore nyembamba, pikseli 2 au 3. Zilikuwa vyuma vya kuvutwa, kama za baiskeli: nusu ya chini ya gurudumu ilining'inia kwenye ekseli, na nusu ya juu ikakaa juu ya nusu ya chini. Mtu akichora mihimili minene ameshachora mashine nyingine.

Vibanda vilikuwa 36, kimoja kila nyuzi 10, na kila kimoja kilibeba hadi watu 60. Hapa zana ya Multibrush inavutia: weka brashi 36, chora mara moja, zote zinajizungusha. Kwa spoki za mchoro wa mbele ni safi kabisa. Kwa vibanda ni mtego, maana inavizungusha pamoja na gurudumu na abiria wa juu wanakaa kichwa chini. Mimi nachora kibanda kimoja, natengeneza leya pacha, yaani nakala inayobadilika kila asili ikibadilika, na kuzisogeza moja moja mahali pake. Lakini pacha 36 zinazofanana zinajulikana kwa mbali. Mtazamaji yuko chini, kwa hiyo vibanda vya juu anaviona tumbo. Chora asili tatu: ya chini, ya ubavuni, ya juu. Ukubwa urekebishe kwa maski ya kubadili umbo, isiyogusa mchoro wenyewe. Ukivuta leya yenyewe mara tatu nne, kingo zinafifia.

Kwa rola kosta, behewa linalokimbia kwenye reli ya kupanda na kushuka, msaidizi wa duaradufu ndiye anayetofautisha miaka. Kitanzi cha rola kosta ya Flip Flap, Coney Island 1895, kilikuwa duara kamili la futi 25, sawa na pikseli 300. Behewa lilitoka kwenye reli iliyonyooka likaingia kwenye mkunjo mkali ghafla, shingo za abiria zikalipia. Rola kosta ya Loop the Loop ya 1901 ikaja na duaradufu. Kitanzi chenye umbo la tone ni cha enzi ya baadaye sana, usikibandike hapo. Reli ya mjenzi LaMarcus Thompson ya 1884, nayo ya Coney Island, ni futi 600, haitoshi kwenye A3 kwa skeli hii. Ipunguze nusu, pikseli 3600 kwa ulalo. Na abiria wake walikaa ubavu, kama kwenye benchi.

Kalamu: mistari ikitoka na unene mmoja hata ukikandamiza, kwenye Windows nenda mipangilio ya tableti, badilisha Wintab kuwa Windows Ink (njia mbili za kompyuta kusoma kalamu) au kinyume chake, kisha anzisha programu upya. Tableti yangu ya bei nafuu isiyo na skrini ilipona hapo. Maandishi ya mabango nayahamishia Inkscape, programu nyingine ya kuchora.

Kitufe cha M kinageuza mwonekano kama kioo, kizuri kwa kukagua makosa, na picha haiguswi. Kugeuza picha yenyewe ni amri nyingine, na kwenye bembea za farasi ni hatari: za Uingereza huzunguka kufuata saa, za Marekani kinyume, na ubavu wa farasi uliopambwa zaidi ni ule unaotazama nje. Kwa hiyo farasi wa Marekani hupambwa kulia. Ukimgeuza tu, umemhamishia Uingereza.