Kamera ya kuanzia kazi hapa Lamu: ipi ununue, ipi uiache dukani

Juzi binti wa jirani kaja kwangu hapa Langoni na elfu 60 kazifunga kwenye ncha ya leso, ananambia shangazi nataka kamera, nimeiona moja mtandaoni, mpya, megapikseli 48, ina 4K, yani video kali sana, na begi wanakupa bure, elfu 9 tu. Nikamwambia ifunge hiyo leso yako, kaa chini, kunywa chai kwanza.

Hizo kamera zisizo na jina ndo zimenifanya niandike, manake nimeona wengi wamelizwa nazo. Hiyo 48 ni ya kutanuliwa tu, senza yenyewe, kile kinachonasa picha, ni ndogo kama ya simu rahisi, halafu programu inavuta picha mpaka ifike hapo, ukiikuza kidogo imekuwa uji. Simu unayosomea haya inaishinda. Na kusema kweli kama wewe unapiga mchana tu, punda, mashua, milango ya nakshi, baki na simu yako na pesa zako.

Mie napiga harusi, upande wa wanawake. Usiku wa kupamba simu zinazuiwa mlangoni, mwanamume haingii, kwa hivo msichana mwenye kamera na anayeaminika hakosi kazi. Ila ukumbini ni giza, taa ni zile za kumetameta za buluu na zambarau, bi harusi anaingia polepole na dhahabu zake, na ukijaribu kwa simu unapata sura ya zambarau isiyo na macho. Basi orodha yangu ni ya kazi hiyo na pesa ya kuanzia, wa mambo mengine atanisamehe.

Ya kwanza kwangu ni Canon 200D ya mtumba. Ilitoka 2017, megapikseli 24, ukiikuta imeandikwa Rebel SL2 au Kiss X9 usibabaike, ni hiyo hiyo, moja ni jina la Marekani na nyingine la Japani. Skrini inageuka mpaka inakutazama, ina tundu la maiki, na ukirekodi video fokasi inamfuata mtu usoni bila kupapatika. Halafu kuna kitu kidogo ambacho muuzaji hatakwambia, tazama pale juu panapochomekwa flashi. Kwenye 200D kuna kitone cha chuma katikati. Kwenye 250D iliyokuja 2019, na 2000D nyingi, Canon walikiondoa, kwa hivo zile flashi rahisi zinazotegemea kitone hicho peke yake hazimweki kabisa, mpaka utafute iliyotengenezewa Canon haswa na hiyo ina bei yake. Sisemi 250D ni mbaya, ina 4K, na betri yake kwa kipimo cha kampuni ni picha 1,070 wakati 200D ni 650. Lakini anayeanza harusi anahitaji flashi ya kumudu kuliko 4K, na hiyo 650 dawa yake ni betri ya pili.

Ya pili ni Nikon D3500, ya 2018. Betri picha 1,550, wallahi stima ikatike siku mbili wewe huna habari, na bodi, yani kamera bila lenzi, ni nyepesi mkono hauchoki. Kasoro zake haina tundu la maiki wala waifai, picha zinaenda kwenye simu kwa bluetooth na zinaenda kama mashua iliyokosa upepo. Na ukiinunulia lenzi hakikisha imeandikwa AF-S au AF-P, zile za zamani za AF-D zinaingia vizuri tu lakini fokasi utaizungusha kwa mkono, na muuzaji akikuona mgeni atakuuzia hiyo hiyo. Kama hutaki video hata kidogo, ipandishe hii iwe namba moja, sitabisha.

Ya tatu Canon 2000D, ya anayeogopa mtumba, manake hii utaikuta mpya kwenye boksi. Picha safi, waifai ipo, maiki hakuna, skrini haigeuki, na ile habari ya flashi nishakwambia. Usiichanganye na 4000D inayokaa kando yake dukani, hiyo ni megapikseli 18, skrini ndogo na pale lenzi inapofungwa ni plastiki. Iache hapo hapo.

Ya nne Sony a6000. Inapiga picha 11 kwa sekunde, kwa mashindano ya mashua ni raha tupu, ila betri inaisha haraka, lenzi zake ghali, na zile zilizouziwa soko la Japani menyu ni Kijapani peke yake na haibadiliki, kwa hivo iwashe uione kabla hujatoa shilingi.

Sasa lenzi, na hapa ndo wengi wanakosea, wanamaliza pesa zote kwenye bodi. Ile 18-55 inayokuja na kamera ukiivuta mwisho inafunguka f/5.6 tu, namba ya f ikiwa ndogo ndo lenzi inafunguka zaidi, na lenzi ya f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara 10 ya hapo. Kila mtu atakwambia nunua 50mm f/1.8, na mie niliambiwa nikanunua, nikaenda nayo kwenye nyumba moja ya kale Mkomani kumpiga bi harusi anavalishwa. Vyumba vya nyumba zetu za mawe mnavijua, virefu lakini vyembamba, upana wake ni pale boriti ya mkoko inapofika, na hiyo 50 kwenye kamera hizi inaona kama 80mm, yani inavuta vitu karibu mno. Nikarudi nyuma, nikarudi tena, mgongo ukagonga ukuta na kwenye skrini nina kichwa na bega moja tu, bibi zake wamekaa kitandani wananicheka. Kwa hivo ukiwa na Canon anza na 24mm f/2.8 STM, ile nyembamba kama kifuniko cha chupa ya dawa, na wa Nikon anza na 35mm f/1.8 DX. Hiyo 50 utaichukua baadaye, ukumbini ni tamu sana.

Kadi usicheze nayo. Nilinunua iliyoandikwa GB 128 kwa bei ya kutupa, duka silitaji, kumbe ndani ni 8, ikijaa inaendelea kujifanya inaandika. Picha za bi harusi akiingia zipo, kuanzia kutunzwa mpaka mwisho hakuna kitu. Mamake hakunitukana, bora angenitukana. Siku hizi kadi mpya naitia kwenye kompyuta na programu ya H2testw, inaijaza yote halafu inaisoma tena, ikiwa ya uongo unajua kabla ya harusi. Na 32 mbili ni bora kuliko 128 moja.

Ukinunua mtumba, toa lenzi, washa tochi ya simu upande mmoja utazame upande wa pili. Ukiona nyuzi kama za buibui huo ni ukungu, achana nayo hata ikiwa nusu bei, kwa unyevu wetu huu itazidi tu. Uliza na imepigwa picha ngapi, shata (kipazia cha ndani kinachofunguka kila ukipiga) za kamera hizi za mwanzo husemwa zinahimili kama laki 1, kwa Nikon utaisoma namba hiyo ndani ya picha yenyewe, kwa Canon mpaka programu maalumu.

Vitu vingine ni vya pesa kidogo. Kontena ya plastiki yenye mpira kwenye kifuniko, utie punje za silika, zikibadilika rangi uzikaushe kwa moto mdogo, kamera ilale humo na si kwenye begi la ngozi, begi la ngozi linaleta ukungu. Mchele usiweke, una vumbi. Filta ya kukinga kioo, kwa 18-55 ya Canon 200D ni milimita 58, ya Nikon ni 55. Kitambaa kilicholowa kidogo maji baridi, yani yasiyo ya chumvi, ukirudi kutoka ufukweni Shela futa bodi siku hiyo hiyo. Na lenzi usibadilishe ufukweni wala kwenye mashua, hasa kusi ikivuma, hata kama Mzungu anakuharakisha. Tripodi ngoja kwanza.

Binti amepata 200D na 18-55 kwa elfu 43, imeshuka Mokowe kwa basi na kuvuka kwa mashua imefungwa kwenye taulo, tukaipiga tochi pamoja sebuleni, safi. Betri ya pili na kadi zishachukuliwa, sasa tunatafuta 24mm ya mtumba isiyo na ukungu, na harusi yake ya kwanza ni baada ya mfungo sita, mwezi wa Maulidi.