Mashine Nane na Rimoti Moja: uzoefu wangu na "Here It Goes Again" ya OK Go

Nyota mbili. Nimeziweka juu kabisa ili mwenye haraka zake apite, lakini ajue nimeziweka nikiwa na hasira, na hasira zangu huwa haziishii pale zilipoanzia.

Nazungumzia ule wimbo wa wale wanaume wanne wanaocheza juu ya mashine za kukimbilia. Ukimtajia mtu jina la bendi anaweza kukukodolea macho tu. Ukisema "wale wa mashine" anacheka na kuanza kukuonyesha kwa mikono. OK Go, Wamarekani, bendi ya roki iliyoanzia Chicago. Video ilitoka katikati ya 2006, YouTube yenyewe ikiwa bado changa, ikasambaa mpaka kwenye simu zetu za kurushiana klipu kwa bluetooth, ambako wale jamaa walionekana wadogo kama punje za mchele. Niliipenda hivyo hivyo. Miaka yote hiyo nilikuwa na hamu ya kuiona kwenye kioo kikubwa na kuisikia vizuri, hata mara moja.

Basi juzi kati hapa nikaipata. Jimu moja ya hapa Dar, siitaji jina kwa sababu hela yangu ya mwezi bado iko kwao. Ukutani, mbele ya mashine za kukimbilia, wamefunga TV ya ukubwa wa kutosha, inazungusha video za zamani za Wazungu. Nimepanda mashine yangu, natembea mwendo ule alionipangia daktari, jasho ndiyo kwanza linajitokeza, nikainua macho: hao hapo! Mashine nane, safu mbili, mikanda mingine inakwenda huku na mingine inarudi kule, na wao wanapita juu yake hata tabasamu hawana. Wao wako juu ya mashine, mimi niko juu ya mashine. Niambie wewe, kuna raha gani ya jimu inayoishinda hiyo?

Sauti hakuna. Kwenye spika inapiga singeli.

Singeli sina ugomvi nayo, tena mnisikie vizuri. Mimi ni mtoto wa Tandale, ule muziki umekua mbele ya macho yangu, na ikipigwa harusini viatu navua wa kwanza. Lakini singeli inakimbia, na hawa watu miguu yao inasubiri ngoma ya taratibu zaidi. Matokeo yake kila hatua inatua mahali pasipo na kitu. Mtu anateleza kwenye mkanda, anainua mkono, anageuka, na huko kwenye spika MC ameshapita mtaa wa tatu.

Na hapa ndipo wengi hawaelewi ugumu wa ile kazi. Mkanda wa mashine hausikilizi muziki. Unakwenda mwendo wake uleule, ukiwahi unakutupa mbele, ukichelewa unakurudisha nyuma. Mchezaji anatakiwa akutane na ngoma palepale inapolia wakati kitu kilicho chini ya miguu yake kina ratiba nyingine kabisa. Sasa ukiondoa ngoma, nusu ya ufundi umeifuta. Kinachobaki ni wanaume wanne wanaohangaika.

Nikashuka. Nikaenda mapokezi kwa adabu zote, taulo shingoni. Yuko kijana pale, rimoti kaichomeka mfuko wa nyuma wa suruali, simu mkononi. Shikamoo sikupata, nikasema haya, si kitu, vijana wa siku hizi. "Mdogo wangu, naomba unifungulie sauti ya ile TV kidogo, wimbo huu mmoja tu, ukiisha urudishe singeli yako."

Hakuinua macho. "Mama, zile ni picha tu."

"Picha tu kivipi?"

"Za kuchangamsha watu. Muziki uko kwenye spika." Halafu, kama aliyekumbuka jambo, akaniangalia kwa mara ya kwanza kuanzia kichwani mpaka kwenye raba. "Na usije ukajaribu yale, mama. Mashine za bei hizi."

Jamani! Mimi ambaye natembea nimeshika vyuma kwa mikono miwili! Na ile "mama" yake haikuwa ya heshima, kila mwanamke mwenye umri wangu anaijua mama ya namna ile, ni ya kukusogeza pembeni kama kiti. Nyuma yangu dada mmoja wa kunyanyua vyuma akacheka. Niliporudi kwenye mashine video ilikuwa imekwisha, anaonekana mtu mwingine kabisa analia kwenye mvua, naye bila sauti.

Picha tu. Neno hilo nililala nalo.

Kwa hiyo nyumbani nikanunua bando la maana, nikakaa, nikaiangalia inavyotakiwa kuangaliwa. Nikairudia. Kamera imesimama mahali pamoja mwanzo hadi mwisho, haisogei, haikatwi. Ni mkupuo mmoja. Aliyepanga ile densi ni Trish Sie, dada yake Damian Kulash, mwimbaji wa bendi, na walipiga picha nyumbani kwa huyo dada, Florida. Iliyotoka ni ya jaribio la kumi na saba. Hebu fikiria hapo: hakuna kukata, kwa hiyo mtu akikosea dakika ya tatu, wote wanne wanarudi sifuri, mashine zinawashwa upya, wimbo unaanzishwa upya. Ukishalijua hilo, sehemu ya mwisho huiangalii umeegemea tena. Roho inakuwa juu. Kila wanapopishana nilikuwa nawaambia kwa sauti, "Taratibu, taratibu," utadhani ni wanangu wanavuka Morogoro Road.

Hapo nyota zangu zikapanda, nne bila ubishi. Ningeishia hapo uhakiki huu ungekuwa mfupi na mimi ningekuwa mtu mwenye amani.

Lakini kile kijana kilikuwa bado kinanikera, nikataka ushahidi. Nikaweka simu mfukoni, nikapiga pasi huku nasikiliza wimbo peke yake, bila kuona chochote. Na sitawadanganya. Gitaa linaanza vizuri, linakatakata, ngoma imenyooka, kiitikio kinaingia kichwani na kukaa. Ni wimbo mchangamfu. Basi. Ungepigwa redioni usingeuliza wa nani. Hata kwao Marekani, pamoja na dunia nzima kuiangalia ile video, kwenye chati ya Billboard Hot 100 uliishia namba 38. Na tuzo ya Grammy waliyopata mwanzoni mwa 2007 haikuwa ya wimbo, ilikuwa ya video fupi ya muziki.

Unaona inakoelekea? Rimoti mfuko wa nyuma, hana adabu, halafu yuko sahihi! Nilikunja shati la watu vibaya kwa uchungu. Hapo ndipo nilipoandika zile nyota mbili za juu. Nikasema wimbo unaobebwa na video hivi si wimbo, ni mzigo.

Halafu nikasoma maneno. Nilikuwa sijawahi kuyafuatilia, si mimi wala nadhani yeyote kati ya tuliorushiana ile klipu, sote tulikuwa tunaangalia miguu. Kumbe ni habari ya mtu aliyepoteza hesabu ya saa baada ya usiku mrefu, mwenzake anavaa anaondoka, gari linatoka kando ya barabara yeye akiliona kwa katikati ya mapazia. Na siyo mara ya kwanza. Kila anapodhani sasa mambo ameyashika mwenyewe, yanaanza tena upya, na anajilaumu kwamba alipaswa kujua. Ni mapenzi ya wale watu wawili ambao wameachana mara nyingi mpaka majirani wameacha kuuliza.

Sasa rudi kwenye mashine ya kukimbilia. Unatembea, unatembea, jasho linakutoka, umebaki palepale. Ukipumzika mkanda unakurudisha nyuma. Ukijiona umepata mwendo, unateleza. Kumbe ile video si kichekesho kilichobandikwa juu ya wimbo ili utazamwe. Imeyachukua maneno ikayapa miguu. Wale wanaume hawafiki popote kwa dakika tatu na ndiyo hasa wanachoimba!

Kwa hiyo, kijana wa mapokezi, hapana. Siyo picha tu. Ungefungua sauti ungejua. Ukiuondoa wimbo unabaki na watu wanaoteleza, ukiiondoa video unabaki na wimbo wa kupigia pasi. Wewe uliuondoa wimbo, kisha ukawekea singeli, kisha ukanionya nisivunje mashine.

Na hasira haikuishia kwake, kwa sababu katika kusoma nikakutana na habari nyingine iliyonichefua zaidi. Ile video bendi waliitengeneza bila kuiambia kampuni yao ya muziki, EMI, wakaiweka mtandaoni bila ruhusa. Yaani kitu kilichowapa jina, na kuipa jina kampuni, kampuni haikujua kinapikwa. Baadaye, YouTube ilipoanza kuwalipa wenye nyimbo pale video inapoangaliwa kwenye ukurasa wake yenyewe, kampuni ikafunga mlango: ikawa huwezi tena kuibandika ile video kwenye tovuti nyingine. Mwaka 2010 Kulash akaandika makala kwenye New York Times akaeleza kilichofuata. Watazamaji walishuka kwa asilimia 90, kutoka kama 10,000 kwa siku hadi kuzidi 1,000 kidogo. Na hesabu ya malipo yao ya miezi sita ya kutazamwa mtandaoni? Dola 27.77.

Dola ishirini na saba! Haifiki ada yangu ya mwezi pale jimu, na ile ni ya mwanamke mmoja anayetembea taratibu. Mwezi uliofuata baada ya makala ile wakaachana na EMI, wakaanzisha kampuni yao, Paracadute. Safi sana. Nilifurahi utadhani mimi ndiye nimesaini.

Lakini ona jinsi hadithi ilivyo moja. Mwenye kampuni ana rimoti yake na kijana wa jimu ana rimoti yake. Wote wawili wana kitu ambacho watu wanakitaka, wanachotakiwa kufanya ni kubonyeza kitufe na kukaa pembeni, na wote wawili wakaona ni bora wakizime. Angalau kampuni ilikuwa inatafuta hela. Kijana wangu hata hela hakuwa anatafuta, alikuwa hataki tu kutoa mkono mfukoni.

Nimeambiwa na mpwa wangu kwamba nimezidisha, kwamba ni video ya vichekesho ya zamani, anti tulia. Huenda. Yeye na wenzake wamezaliwa wakati kila mtu anacheza mbele ya simu, kwake watu wanne kujipanga na kucheza kamera ikiwa imesimama ni jambo la kila siku. Nikamwambia sawa, panda juu ya mashine basi. Kimya. Tena nikamwonyesha kwamba Agosti hiyohiyo ya 2006 walipanda jukwaani kwenye tuzo za video za MTV wakaifanya yote moja kwa moja mbele ya watu, bila jaribio la pili, achilia mbali la kumi na saba. Akasema "mh." Kwa mpwa wangu, "mh" ni sifa kubwa.

Mimi hata hivyo naipenda zaidi ile ya nyumbani. Ina kitu cha watu walioazima nyumba ya dada yao na hawana uhakika kama itakubali. Kabla yake walikuwa wameshatoa nyingine ya namna hiyohiyo, wanacheza nyuma ya nyumba, ya wimbo uitwao "A Million Ways", densi ya dada huyohuyo. Nayo iangalieni, ni nzuri, ila pale chini ni sakafu ya kawaida na hakuna anayeweza kuanguka vibaya.

Ushauri wangu kwa anayetaka kuijaribu: usiiangalie mahali ambapo rimoti inashikwa na mtu mwingine. Weka sauti juu, soma maneno kwanza, halafu tazama miguu. Msianze na wimbo peke yake, mtauonea.

Nyota mbili nilizoweka juu nazifuta, zilikuwa za yule kijana. Naweka nne. Tano ningeweka kama wimbo ungeweza kusimama bila mashine hata nikiwa napiga pasi, na sijaona unavyoweza. Sawa, kiitikio kinaweza. Nne na nusu basi, ila kwa anayeusikia redioni tu, tatu, na hizo ni kwa sababu leo nimeamka vizuri.