Hofu ya polepole: The Shining au The Witch?

Filamu zote mbili hazina haraka ya kukutisha, ila kila moja inakufikisha kwenye hofu kwa njia yake.

The Shining (1980) ya Stanley Kubrick inategemea mwendo. Kamera ya Steadicam, yaani inayovaliwa mwilini kwa kifaa kinachozuia picha isitikisike, ikiendeshwa na Garrett Brown aliyekibuni kifaa hicho, inamfuata mtoto Danny akizunguka korido za hoteli kwa baiskeli ya magurudumu matatu, chinichini karibu na sakafu. Sikiliza magurudumu hayo: yakiwa juu ya mbao yananguruma, yakipita kwenye zulia yananyamaza, kisha yananguruma tena. Hakuna kilichotokea bado, lakini sikio limeshajifunza kuuogopa ule ukimya. Na kila kona inabeba swali lile lile: mbele kuna nani?

The Witch (2015) ya Robert Eggers inakwenda kinyume. Mara nyingi kamera imetulia tu, inautazama msitu, na msitu nao ni kama unaitazama familia inayoishi kando yake. Usiku ndani ya nyumba mwanga ni wa mishumaa, hivyo nusu ya chumba imemezwa na giza. Muziki wa Mark Korven ndio usiseme: ala za nyuzi zinakwaruza, sauti za watu zinapanda mpaka zinakera.

Kwangu mimi Kubrick anashinda kwa sauti, Eggers kwa mwanga. Ila ukinilazimisha kutazama moja usiku peke yangu, nitachukua The Shining. Korido zile angalau zina taa.